Aliyekaa Nyuma Njia ya Mikumi

Baiskeli aliyoendesha Beda Komba haikuwa yake, na hilo ndilo lililomwingiza kwenye mbio.

Ilikuwa mali ya shamba la mkonge, upande wa Kimamba, ambako Beda alikuwa tarishi tangu ujana wake. Alichukua barua za meneja akazipeleka stesheni Kilosa, akarudi na majibu. Baba yake alikuja kutoka Songea kukata mkonge, akazeeka kambini, akazikwa nyuma ya kambi. Kwa baba huyo Beda alirithi Kingoni cha kusalimiana tu, pamoja na imani kwamba shamba haliwezi kufa. Shamba likafa. Mashine ikanyamaza, majani yakaota kwenye reli ndogo za kubebea mkonge, wafanyakazi wakaambiwa wasubiri. Beda alisubiri akiwa juu ya baiskeli. Biashara ilipofunguliwa na marobota ya mitumba yakaanza kushushwa Mikumi kwenye barabara kuu, yeye aliyafunga kwenye keria kwa mipira ya tairi, akayapeleka Kilosa, na nyumba yake ikaanza tena kunukia vitunguu vya kukaanga.

Halafu shamba likapata mwenyewe. Hakuna aliyemwona huyo mwenyewe. Aliyeonekana ni mlinzi wake, mtu wa maneno machache mwenye koti refu, akipita nyumba kwa nyumba kukusanya mali ya shamba: mapanga, mapipa, hata viti ambavyo watu walikuwa wamevikalia mpaka wakasahau vilikotoka. Kwa Beda alipapasa namba iliyopigwa kwenye fremu.

"Hii nayo ni yetu," alisema. "Masika yakiisha nitaifuata."

Tangu siku hiyo Beda akawa mtu wa kugeuka geuka kutazama nyuma yake. Nani alimwelekeza mlinzi nyumbani kwake? Mbona jirani, aliyekuwa na toroli la shamba, hakuguswa? Zama zile kila mtu alikuwa ananunua au anauza kitu, na mtu akikuchekea barabarani ulijiuliza kwanza amekuonea nini. Beda alijiuliza kuliko wengine.

Ndipo akasikia kuhusu mbio za Cleopa.

Cleopa alikuwa na duka la spea pale Mikumi, na alikuwa ameleta shehena ya baiskeli mpya za Kichina ambazo wakulima walizitazama, wakazishika, wakaziacha. Alitaka zionekane. Afisa utamaduni wa wilaya, Danieli, ambaye serikali iliwahi kumpeleka Bulgaria kusomea michezo, akampa wazo la mbio za timu: watu wanne wanne, kila timu inaondoka peke yake, saa inaanza kusoma, na hakuna anayemwona mpinzani mpaka mwisho. Kutoka Kilosa mpaka Mikumi, mlangoni kwa Cleopa. Ilipofika zamu ya Kilosa kutoa timu yake, Danieli aliwachagua wanne waliokuwa wepesi kuliko wote mjini, akawakusanya mbele ya ofisi yake.

"Wa mbele anakata upepo," alieleza. "Watatu wanajificha nyuma ya mgongo wake. Akichoka anateremka nyuma, wa pili anashika. Mnakwenda hivyo kama mnyororo. Na saa nitaisimamisha gurudumu la tatu likigusa mstari. La kwanza silihesabu, la pili silihesabu. La tatu."

"Na wa nne, afisa?" aliuliza Fortunatus, fundi baiskeli wa sokoni, kijana aliyevaa kofia ya mtumba yenye maandishi asiyoyajua. "Wa nne anabeba chai?"

Watu walicheka. Cleopa, aliyekuwa ameegemea pikapu yake, hakucheka. Swali lilimpendeza.

"Swali zuri hilo," alisema. "Kama saa inasimama kwa wa tatu, wa nne ana kazi gani? Wa nne ni abiria. Basi zawadi ni baiskeli tatu. Watatu wa kwanza wa timu itakayoshinda, kila mmoja na yake. Wa nne nitamnunulia soda."

Danieli aliandika hivyo, shingo upande. Baiskeli zilikuwa za Cleopa.

Beda aliwatazama wenzake, akaona kila mmoja anawatazama wenzake. Walikuwa wanne: yeye, ambaye kwa umri alikuwa kaka yao wote, Kasian, mbeba mkaa, mwenye mapaja kama magogo na macho yasiyotulia, Fortunatus, na Saitabau, kijana wa wafugaji wa upande wa Msowero, aliyeleta maziwa mjini kila asubuhi, madumu yakining'inia pande zote za baiskeli yake na shuka imekunjwa kiunoni.

Jioni ya kuamkia mbio Kasian alimfuata Beda kisimani.

"Kaka Beda, sisi tunajuana," alianza. "Mmoja lazima abaki. Mimi nasema abaki Mmasai. Ana ng'ombe, baiskeli ya nini? Kilima cha mwisho tukaze wote kwa pamoja, yeye akigutuka tumeshapotea. Unasemaje?"

Beda hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alisema ndoo imejaa. Lakini alipofika nyumbani alikuwa na jiwe moyoni, nalo halikuwa la kumhurumia Saitabau. Aliwaza hivi: mtu anayeweza kuniambia mimi maneno haya juu ya mwenzangu, kwa nini asimwambie mwenzangu maneno hayo hayo juu yangu? Mimi ndiye mzee wao. Mimi ndiye mwenye baiskeli nzito. Ningekuwa mimi ni Kasian, ningemwacha Beda.

"Kula," alisema mke wake, Marselina. "Ugali haujakukosea."

"Unamwonaje yule Saitabau?"

"Maziwa yake hayana maji."

"Sikuulizi maziwa."

"Mwaka juzi ng'ombe wao walikula mahindi yangu mpaka mashina. Mama yake akaja kuniomba msamaha akilia. Sasa mimi nimwoneje? Nawaona hivyo, vyote viwili." Alimsogezea mboga. "Ila Beda, ukikosa hiyo baiskeli tutakula nini? Mimi marobota siyabebi kichwani mpaka Mikumi."

"Ndiyo maana nauliza."

Asubuhi mawingu yalikuwa yamekalia milima. Beda alipofika mahali pa kuondokea aliwakuta Kasian na Saitabau wameinama juu ya gurudumu moja, vichwa karibu vigusane, wananong'ona. Walipomwona wakanyamaza.

"Shikamoo, mzee Beda," alisema Saitabau, akiinuka.

"Marahaba. Mnajadili nini?"

"Mvua," alisema Kasian haraka.

Mvua. Beda akaangalia juu. Kweli ilikuwa inakuja, lakini watu wawili hawanong'oni juu ya mvua. Papo hapo akakata shauri: leo hatakaa mbele ya mtu yeyote. Atakaa nyuma kabisa, mahali ambapo macho yake yatawaona wote watatu, miguu yao na mikono yao. Wakitaka kukaza, atawaona wanavyojiandaa.

Danieli akashusha bendera, kisha akapanda pikapu ya Cleopa kuwahi Mikumi kwa njia ya magari ya kuzunguka.

Mpaka Masanze barabara ilikuwa kavu bado, na mnyororo ulikwenda vizuri. Kasian akakata upepo, akateremka. Saitabau akashika, akateremka. Fortunatus akashika, na alipoteremka aliamini atamkuta Beda anapanda kuchukua zamu. Beda hakupanda. Alipunguza mwendo kidogo, akamwachia Fortunatus nafasi mbele yake, akabaki mkiani.

"Zamu yako, braza!"

"Nendeni. Mimi niko huku."

Zamu ya pili ikawa hivyo hivyo. Kasian aligeuka, uso umejaa vumbi na hasira.

"Mzee, unatutega? Unajitunza ili utuachie vumbi mwishoni?"

"Tazama mbele, utaanguka."

Saitabau peke yake hakusema kitu. Alimtazama Beda mara moja, kwa muda mrefu kidogo, kisha akatikisa kichwa kwa namna ya kukubali. Beda hakuipenda kabisa ile namna. Mtu anayelalamika unamwelewa. Anayekubali amekubali nini?

Kitu ambacho Beda hakukipigia hesabu ni kwamba mahali alipochagua ndipo pabaya kuliko pote. Danieli alikuwa amewaeleza, lakini Beda siku ile alisikia habari ya baiskeli tatu tu. Mtu wa mkiani ndiye anayeachwa. Pengo likifunguka, hufunguka mbele yake, na hakuna aliye nyuma wa kulifunga. Halafu mvua ikaanza, na kila gurudumu likawa linarusha tope nyuma, na matope ya watu watatu yakawa yanaishia usoni kwa mtu mmoja. Beda alikula udongo. Aliutema akaula tena. Alifuta macho kwa kiwiko, na kila alipoyafungua alihesabu migongo: mmoja, wawili, watatu. Kila zilipokaribiana kofia ya Fortunatus na shuka ya Saitabau, aliwaza: sasa wanapanga. Kila zilipoachana: sasa wamekwisha panga.

Walipita kijiji kinachoitwa Ulaya wakiwa hawatambulikani. Watoto walikuwa wamesimama chini ya mapaa, wanapiga makofi.

"Afisa si alisema mchezo huu umetoka Ulaya?" alipiga kelele Fortunatus. "Basi tumefika kwao!"

Kasian alicheka bila kutaka. Hata Beda alitaka kucheka, akajizuia. Aliyeanzisha mzaha huenda anataka macho yafumbwe.

Mto Miyombo ulikuwa umejaa. Daraja la magogo lilikwenda na maji ya msimu uliotangulia na wala hakuna aliyelirudisha, kwa hiyo watu walivuka kwa miguu, pale palipo na mchanga chini. Wabeba mizigo wa njia ile wana namna yao ya kuvuka wakati wa masika. Wanaunga. Kila mtu anasukuma baiskeli yake kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anashika keria ya aliye mbele yake. Maji yakimpiga mmoja, wengine ni uzito wake. Beda alikuwa ameunga mto ule na watu asiowajua hata majina, wala hakuwahi kuogopa.

Kasian akaingia. Fortunatus akashika keria ya Kasian. Saitabau akashika keria ya Fortunatus, akageuza kichwa akimngoja Beda ashike ya kwake.

Beda akatazama ile keria. Akaona kitu kimoja tu: yeye ndiye wa mwisho, hakuna anayemshika, na wote walio mbele wanaweza kumkung'uta mtu mmoja kwa kutikisa baiskeli moja. Hakuna shahidi ila mto.

"Tangulieni," alisema.

"Mzee, tuunge," alisema Saitabau.

"Nimesema tangulieni! Nitapita nyuma yenu."

Saitabau alimtazama tena kwa ile namna yake, akageuka, wakavuka. Beda akaingia peke yake. Maji yalimfika kiunoni. Alikwenda vizuri mpaka katikati, kisha gogo lililokuwa likielea likaja kimya kimya likagonga gurudumu la mbele, na baiskeli ikamponyoka mkononi. Aliiona namba ya shamba ikigeuka juu mara moja, kama mtu anayeaga, ikazama. Yeye mwenyewe alitambaa mpaka ng'ambo kwa magoti.

Saitabau alikuwa ameshatupa baiskeli yake matopeni na anakimbia kufuata mto, akiruka vichaka. Kwenye kona aliingia majini mpaka kifuani. Alipotoka alikuwa ameishika ile baiskeli kwa usukani, kama unavyoshika ndama kwa pembe. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda. Lilikataa hata kuzunguka.

Walisimama wanne mvuani. Baiskeli nzima zilikuwa tatu.

"Basi," alisema Kasian, na sauti yake ilikuwa na nafuu asiyoweza kuificha. "Mungu amechagua. Twende, Saitabau, panda."

Beda hakubisha. Kwa kweli alihisi raha moja chungu, raha ya mtu aliyesema tangu mwanzo kwamba itakuwa hivi. Alianza kuwaza njia ya kurudi Kilosa, na mlinzi mwenye koti, na uso wa Marselina.

Saitabau aliinua baiskeli yake kutoka matopeni, akapangusa tandiko kwa shuka, akamsukumia Beda.

"Chukua yangu, mzee."

"Kwa nini?"

"Chukua. Saa inasoma."

"Nakuuliza kwa nini!"

"Jamani!" alilia Fortunatus. "Mtahojiana Mikumi! Kati yenu apande mmoja, basi!"

Beda aliichukua baiskeli, lakini kabla hajaipanda alibonyeza tairi la mbele, akabonyeza la nyuma, akajaribu breki, akavuta cheni. Alitafuta tatizo na hakulipata, na kutolipata kulimtia wasiwasi kuliko kama angelipata. Akapanda. Tandiko lilinuka maziwa yaliyoganda.

Kuanzia pale kwenda mbele hakukuwa na mkia wa kukalia. Walikuwa watatu, na gurudumu la tatu ndilo la saa. Aliyemwacha mwenzake alijiacha mwenyewe. Beda alishika zamu zake, ndefu, kwa nguvu zote alizokuwa ameziweka akiba kwa ajili ya usaliti ambao haukuja. Kwenye kilima cha mwisho, kile kile ambacho Kasian alipanga kumwacha mtu, misuli ya mguu wa Beda ikakaza, akapiga kelele. Akahisi kiganja kipana mgongoni kinamsukuma.

"Usinishukuru," alisema Kasian akihema. "Si kwa kukupenda. Ukibaki wewe, nimebaki mimi."

Hayo Beda aliyaelewa, akayashukuru kimoyomoyo kuliko wema wowote.

Mikumi walipokelewa na mabati yanayovuja na malori yaliyopangana kando ya barabara kuu. Danieli alisimamisha saa yake, akaitazama, akaitazama tena, akaikausha kwenye shati, kisha akasema Kilosa imeshinda. Timu ya Mikumi, iliyokwisha kuvua viatu na kuanza kushangilia, ikasema saa imeingia maji. Cleopa alitoa baiskeli tatu mlangoni. Moja ilikuwa ya kijani. Beda aliishika usukani kwa mikono miwili, hakuiachia, hata alipoletewa chai aliinywa mkono mmoja ukiwa bado pale.

Saitabau alifika mchana umekwisha, mvua imebaki manyunyu. Alikuja kwa miguu, ile baiskeli ya shamba begani. Watu wa lori walimpigia miluzi. Aliitua kwa uangalifu mbele ya Beda.

"Mzigo wako, mzee. Wataitaka."

Beda aliitazama baiskeli kwanza, kabla ya kumtazama mtu. Usukani upo. Tandiko lipo. Keria ipo. Kengele haipo.

"Kengele?"

"Sikuona kengele," alisema Saitabau. "Labda mto."

"Labda mto," alisema Beda.

Cleopa alimletea Saitabau soda yake. Akaketi kwenye ngazi ya duka akainywa polepole, miguu imejaa mikwaruzo, bila kuonyesha kwamba amekosa chochote. Beda alivumilia, alivumilia, akashindwa. Akaketi karibu naye.

"Kijana, mimi sitaki fumbo. Umenipa baiskeli yako, na ile mpya ya Cleopa ilikuwa karibu kuwa yako. Unataka nini kwangu?"

Saitabau alionekana kushangaa.

"Wewe si ndiye uliyekuwa unachunga?"

"Nilikuwa nini?"

"Njia nzima ulikaa nyuma. Kasian alikutukana, ukakaa nyuma. Tope lote lilikuja usoni kwako, ukakaa nyuma. Mtoni ukasema tangulieni, ukaingia wa mwisho. Kwetu mchungaji yuko nyuma ya ng'ombe, na kwenye maji anaingia wa mwisho, ili ajue wote wamevuka." Akamaliza soda. "Nilimwambia Kasian asubuhi, alipokuwa ananiletea maneno yake. Nikamwambia mimi sisikilizi, yupo mzee. Nikakuona umekaa nyuma, nikasema basi, mzee amejua, anatuchunga. Sasa mchungaji ningemwacha mtoni?"

Beda alitafuta uso ule kama alivyotafuta tatizo kwenye tairi. Alitafuta kicheko pembeni mwa mdomo. Alitafuta dhihaka, kwa sababu kijana mwerevu aliyejua ukweli angeweza kusema maneno hayo hayo kwa sauti hiyo hiyo, na yangechoma kuliko matusi. Hakuona kitu. Uso ulikuwa mtulivu, wenye matope.

Angeweza kumwambia. Neno lilikuwa pale, fupi tu. Badala yake alisema, "Ongeza soda," akaenda kuinunua.

Masika yalipoisha mlinzi mwenye koti alikuja kuchukua baiskeli ya shamba. Aliizunguka, akapapasa namba, akauliza kengele iko wapi. Imekwenda na maji, alijibu Beda. Mlinzi alimtazama jinsi ambavyo Beda mwenyewe angemtazama mtu mwenye jibu kama hilo, akaondoka akiisukuma.

Beda aliendelea na marobota yake juu ya ile ya kijani. Asubuhi moja, karibu na Kimamba, alisikia kengele nyuma yake. Aliijua kabla hajageuka. Alikuwa ameipiga mwenyewe miaka yote ile langoni mwa stesheni. Lakini kengele za aina ile zilikuwa nyingi, zilitoka kiwanda kimoja, na tena Cleopa alikuwa anauza za zamani kwa bei ya chini. Saitabau alimkaribia, madumu ya maziwa yakigongana.

"Shikamoo, mzee Beda! Nashukuru kukukuta. Pita mbele, una mzigo mkubwa."

Beda aliangalia kengele ile kwenye usukani. Ilikuwa na kutu upande mmoja. Ya kwake ilikuwa na kutu, lakini hakukumbuka upande upi.

"Marahaba," alisema. "Tangulia wewe. Mimi nitakuja nyuma."

Saitabau alicheka kwa furaha, kama mtu aliyeahidiwa ulinzi, akatangulia. Beda akamfuata mpaka mjini, macho yake kwenye ule usukani.